Mvuke wa usiku unaenda bure, maziwa yangu yanaharibika jioni

Kwako mhariri,

Mimi nauza maziwa hapa Nakuru na ikifika saa moja jioni naanza kuchungulia taa ya friji, maana hiyo ndio saa stima hupenda kupotea, kila mtu ako nyumbani anapika anaona tivi. Juzi ilirudi saa nne, lita themanini na kitu zishageuka mala bila mimi kutaka. Na kinachoniuma zaidi, mara nyingi saa nane usiku watu wakiwa wamelala, kule Olkaria, Naivasha, ule mvuke wa ardhini unaozungusha mashine za stima unaachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kutumia hiyo stima.

Halafu nasikia watu wakisema pesa za utafiti wa kawi zikatwe, tununue tu mitambo ya wenzetu iliyokwisha tengenezwa. Jameni. Visima viwili vya kwanza pale Olkaria vilianza kuchimbwa 1956, havikutoa kitu cha maana, miaka ya sabini serikali ikarudi ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, wakapima wakachimba tena, mashine ya kwanza ya megawati 15 ikawaka 1981. Miaka 25! Ni benki gani ingengoja hivyo? Leo stima ya mvuke nchini ni zaidi ya megawati 900. Hata hapa kwetu Menengai rigi zilianza 2011 na stima ikaingia kwa gridi 2023, na kisima kikitoka kikavu hasara ni ya kampuni ya serikali iliyoundwa 2008 kwa kazi hiyo, mwekezaji anakuja mvuke ukishaonekana (simlaumu, hata mimi singeweka pesa yangu kwa shimo).

Niliwahi kwenda Menengai na wenzangu wa chama cha wafugaji, tukaonyeshwa maji moto ya kisima yakipasha maziwa, hakuna gesi hakuna kuni. Nikagusa bomba kidogo niungue, mzee mmoja akaniambia kijana utachemka pamoja na maziwa. Lakini ile ilikuwa ya majaribio. Yale maji yana madini yanayoganda ndani ya bomba, sasa nani analipwa kutafuta dawa yake? Na ile stima ya saa nane usiku, si ingegandisha barafu kwa tanki, jioni stima ikipotea barafu ndio ipoze maziwa? Hiyo si ndoto ya mwezini, inataka tu mafundi wetu wa vyuo wapewe pesa na muda wa kukosea.

Na pesa sio ati naomba msaada. Sheria ya sayansi ya 2013 inasema mfuko wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, hatujawahi hata kukaribia, na bajeti ikibana huko ndio wanakata kwanza kwa sababu maabara haiandamani barabarani.

Waanze na tanki moja la barafu hapa Nakuru. Maziwa ya kujaribia nitaleta mimi.

Muuza maziwa,
Nakuru