Filamu ya Jumamosi: Kursk

Wadau, habari za jioni. Jumamosi hii saa moja kamili usiku, pale pale kwa siku zote, tunaangalia Kursk ya Thomas Vinterberg, ya mwaka 2018. Wale wa "niko njiani", mkifika saa mbili mtaikuta nyambizi imeshazama.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 12 Agosti 2000 Kursk, nyambizi ya nyuklia ya Urusi, ilikuwa mazoezini Bahari ya Barents. Torpido moja, yaani kombora la majini, ilivuja kemikali, ikalipuka; dakika mbili na ushee baadaye ukaja mlipuko mkubwa zaidi. Nyambizi ikakaa chini, kama mita 108. Walikuwemo watu 118 na hakupona hata mmoja. Ila 23 walijikusanya chumba cha tisa, huko nyuma, wakabaki hai kwa saa kadhaa, na ofisa mmoja, Dmitri Kolesnikov, akaandika majina yao kwenye karatasi gizani, kwa kupapasa. Mimi hapo huwa nashindwa kumeza mate.

Tazameni na upana wa picha: mwanzoni, mabaharia wakiwa nyumbani, ni nyembamba, wakiondoka bandarini inatanuka. Kinachoniudhi ni Warusi wote kuongea Kiingereza. Colin Firth ndiye yule Mwingereza anayetaka kusaidia huku wakubwa wa Urusi wakivuta muda.

Watoto wadogo wabaki nyumbani safari hii. Kahawa ipo, kashata anayeweza alete. Na mwenye ekstensheni ndefu aniambie leo, ile yetu imeungua.