Barua kwa mwanangu, msoma ramani wa rali

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Juzi kwenye simu ulisema, "Mama, hayo si tumeshayamaliza," nami nikaitikia kwa kuwa dada yako alikuwa amesimama mlangoni ametega sikio. Hatujayamaliza. Unaondoka Alhamisi, na kila nikikupigia mtandao wako unakatika palepale ninapofika penyewe, basi acha niandike.

Nianze na ile ya kuchelewa kwa makusudi kwenye rali, maana najua unadhani ndiyo iliyoniudhi. Haikuniudhi. Watu wamewaita wewe na dereva wako wezi, wengine wamesema mmeutia mchezo doa, na baba yako alishinda siku nzima hasemi na mtu. Mimi nilicheka. Nimekaa kwenye meza ile ya kuandika muda wa magari miaka mingi, saa mbele yangu, kalamu nimeifunga kwa uzi ili nyinyi wasoma ramani msiondoke nayo, na nimeyaona magari mengi yakijikalia kabla ya kibao cha njano cha kituo cha muda huku mwenye kadi ya muda akijifanya anakagua tairi. Mlipiga hesabu, mkaona nafasi yenu haipotei, mkaacha dakika zipite ili wengine watangulie kuwafagilia changarawe. Mkalipa adhabu ya sekunde 10 kwa kila dakika mliyochelewa, mchana kweupe, na kila aliyekuwepo aliona mnachofanya. Sébastien Ogier, yule dereva Mfaransa, alifanya hivyohivyo kwenye Rali ya Sweden mwaka 2018, siku ya mwisho, kwenye theluji iliyolegea, naye ni bingwa wa dunia. Wapo waliomlaani. Lakini adhabu ilikuwa imeandikwa kitabuni tangu zamani, na akaikubali. Nilimwambia baba yako mtoto huyu anajua hesabu, tena nilisema kwa kujisifu, ingawa shuleni hesabu hizohizo zilikuwa zinakupiga chenga na anayeitwa ofisini ni mimi.

Kilichoninyima usingizi ni lile gari jingine.

Sitayarudia yote, uliyaona wewe. Gari limetoka njiani, limelalia tuta. Dereva wake yuko nje, amesimama, mkono mmoja umeshika kofia. Hakuna kibao kilichoonyeshwa, si cha OK cha kusema tuko salama wala cha SOS cha kuomba msaada. Mkapita. Mwenzake alikuwa upande wa pili wa gari, ameketi chini, mtulinga umevunjika, na waliokuja nyuma yenu ndio waliosimama. Majaji wakawaita, wakawasikiliza, wakawaachia bila adhabu. Nami nilipokuuliza ilikuwaje, hukunipa habari za mtu. Ulinipa ibara.

Ulisema kanuni inawataka msimame mkionyeshwa SOS, au mkiona ajali kubwa na wote wawili wamo ndani ya gari bila kuonyesha chochote. Na kwamba pale mmoja alikuwa nje. Ulilisema kwa sauti tulivu kabisa, kama mtu anayesoma mita ya maji.

Kanuni hiyo naijua, nimewasomea wasimamizi wapya mara nyingi kuliko umri wako kwenye mchezo huu. Umeisoma sawasawa, hilo sikunyang'anyi. Swali langu ni moja na nitaliuliza mpaka unijibu: ulimwona, au hukumwona?

Kama hukumwona, naelewa. Kazi yako ni kuinamia daftari la noti na kumsomea dereva kona zinazokuja. "Kulia nne, inabana, usikate." Ukinyanyua macho mara moja umepoteza mstari, na mkipoteza mstari nanyi mko juu ya tuta. Mtu anaweza kupita ubavuni mwa ajali asione ila vumbi. Ungesema hivyo, ningenyamaza. Na kama ulimwona, ukasita, na kabla hujatoa neno gari limeshapita kona mbili, hilo pia naelewa, binadamu ndivyo alivyo. Lakini usinieleze kwamba kwa mwendo ule, ndani ya sekunde mbili, ulihesabu nani yuko nje na nani yuko ndani, ukalinganisha na ibara, ukaona haiwahusu. Hesabu hiyo mliifanya jioni, mmekaa, mnajiandaa kwenda mbele ya majaji. Na mliifanya vizuri mno. Naona sasa wewe mwenyewe umeanza kuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Dada yako ameniuliza mwanasheria huyu kalelewa na nani. Nikamwambia atoe vyombo mezani. Ni kweli katika nyumba hii karata ikigusa meza imechezwa, hata kama imeponyoka mkononi mwa mtoto wa miaka saba, na ni kweli mtoto huyo alilia na hakuna aliyemrudishia karata yake. Lakini zile zilikuwa karata.

Uliniambia pia kwamba rali yote ni ujanja, ukanitajia majina, kana kwamba mimi magari nimeanza kuyajua jana. Haya, tuchukue Rali ya Catalunya, Hispania, 1995. Rali moja, mambo mawili. Colin McRae na Carlos Sainz, wote wa Subaru, wako mbele. Wakubwa wa timu wameamua Sainz ndiye ashinde. McRae hataki kusikia, anakanyaga mafuta hadi anampita. Mwishoni ikabidi aingize kadi kwa kuchelewa, ale adhabu, ushindi uende kwa mwenzake. Alikasirika na wala hakuficha. Wakaenda Uingereza kwenye rali ya mwisho wakiwa na pointi sawa, huko akamshinda, akatwaa ubingwa. Mimi kadi ile ya McRae naiheshimu. Kila mtu alijua imechelewa kwa nini, na yeye aliyeichelewesha ndiye aliyeumia.

Katika rali hiyohiyo wakaguzi wakalifungua gari la Toyota, Celica. Kwenye kizuizi cha hewa ya turbo, kinachowekwa kupunguza hewa ya injini ili nguvu isizidi, wakakuta springi zimefichwa. Kizuizi kikifungwa kwenye injini kinaachia upenyo, hewa inapita pembeni. Kikifunguliwa ili kipimwe, kinarudi mahali pake, kipimo kamili, hakina kosa. Max Mosley, aliyekuwa rais wa FIA, shirikisho la michezo ya magari duniani, alikiri kwamba katika miaka 30 ya michezo ya magari hajaona kifaa kilichobuniwa kwa ustadi namna ile. Timu ikafungiwa miezi 12.

Najua utaniambia wewe uko upande wa McRae. Kwa ile kadi, ndiyo. Lakini maelezo mliyowapa majaji, mwanangu, hebu yatazame tena. Yakipimwa mezani yana kipimo kamili. Njiani ilikuwa vingine. Hilo ndilo ninalokuambia tangu juzi na wewe unanijibu kwa namba ya ibara.

Usinielewe vibaya, kanuni siichukii, nimeitumikia. Safari Rally ya 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza na pointi sawa kabisa za adhabu, na baada ya njia yote ile, kilichowatenganisha ni kanuni: nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta. Basi. Kanuni ikiwa na kazi ya namna hiyo inapendeza. Lakini ikumbuke pia Rali ya Monte Carlo ya 1966: gari tatu za Mini zimeshika nafasi tatu za kwanza, halafu waandaaji wakazitoa kwa ajili ya taa, ati balbu na namna ya kupunguza mwanga havikufuata kanuni. Ushindi akapewa Pauli Toivonen na Citroën yake, na yeye mwenyewe aliupokea shingo upande. Wenye kusoma kanuni kwa darubini hawako upande wako siku zote. Na hata wanaoziandika wanajichanganya: mwaka 2024 waliposema pointi za Jumamosi zihesabiwe peke yake na za Jumapili peke yake, wasio na tamaa ya Jumamosi wakawa wanajivuta kutunza matairi, na 2025 mpangilio ukabadilishwa tena. Hayo yote mimi nayatazama nikinywa kinywaji changu, hayanihusu roho.

Aliyekaa njiani na mfupa umevunjika ananihusu.

Uliwahi kunionyesha picha ya Paulo Gonçalves, yule Mreno wa pikipiki, ukiwa bado mtoto. Kwenye mbio ndefu za Dakar za 2016 alikuwa anawania ushindi, akamkuta Matthias Walkner ameanguka na mguu umevunjika, akasimama, akakaa naye mpaka msaada ufike. Waandaaji wakamrudishia muda alioupoteza, na kanuni zenu nazo zina njia ya kumpa muda wa haki aliyesimama, hilo unalijua kuliko mimi. Mwaka 2020, kule Saudia, ni Gonçalves aliyeanguka. Toby Price, bingwa mtetezi, akasimama kwake. Haikusaidia, Gonçalves alifariki. Lakini Price alikuwepo. Sidhani kama kuna hata mmoja kati yao aliyetafuta kwanza ibara.

Sasa niambie: yule mwenye mtulinga, umempigia simu? Si ujumbe wa kumtakia afueni kwenye ukurasa wa timu, huo kila mtu anaandika. Simu. Usiende kumweleza ibara. Mwambie ulimwona au hukumwona, kisha umwache aseme anachotaka kusema, na akikutukana, vumilia. Najua utasema timu imekukataza kuzungumza hadi mambo yapoe. Timu haikukuzaa.

Na huko unakokwenda, dereva wako atakuwa na haraka, maana mnahitaji pointi, na mkuu wenu wa timu ni mtu wa kutafuta nafasi kwenye kila mstari wa kitabu. Asinielewe vibaya, ni kazi yake. Akisema mchelewe dakika mbili, chelewa. Akisema mvute siku nzima kutunza matairi, vuteni. Kadi iko mkononi mwako na saa unayo. Lakini gari likiwa pembeni na hujaona kibao cha OK kwa macho yako, unamwambia dereva asimame. Usimuulize. Unamwambia, kwa sauti ileile unayosomea noti, naye miguu yake itatii kabla kichwa hakijakataa, ndivyo mlivyozoezana. Mtasimama bure mara kadhaa, mtakuta watu wanakunja mikono wanawashangaa. Hasara hiyo nipe mimi.

Naona nimeandika kama nakugombeza, na kweli nakugombeza. Ila juzi fundi mmoja wa zamani aliniambia kwamba katika wasoma ramani wa rika lako hakuna anayetunza kadi na muda kama wewe, na kwamba dereva wako bila wewe angekuwa bado anatafuta njia ya kutokea kwenye kituo cha matengenezo. Nilijifanya sikusikia vizuri ili arudie.

Pasipoti yako umeitazama tarehe? Mara ya mwisho uliniacha hapa napekua makabati siku ya safari. Glavu zako za zamani ziko kwenye droo ya chini, zimekuwa ngumu, usizichukue. Lala mapema siku mbili kabla. Hilo unalijua na hulifanyi. Ile betri ya saa ya mezani niliyokuomba, usisahau, nimechoka kuitikisa.

Dada yako ameanza kusomea chumbani kwako kwa sababu cha kwake kinavuja. Vitabu vyako vya noti vyote nimevitia kwenye sanduku, kwa mpangilio wa miaka, ila viwili vililowa na sijui vilikuwa vya rali gani, maandishi yako mwenyewe unayajua. Mtihani wake ni mwezi ujao na hataki nimuulize anaendeleaje, basi muulize wewe.

Pampu ya maji nayo imeanza kupiga kelele usiku. Baba yako anasema ni fani, mimi nasema ni beringi, tumewekeana dau. Akishinda yeye usimshangilie.

La paa ndilo la haraka. Fundi uliyenipa namba yake hapokei, na nadhani ameibadilisha. Nitafutie mwingine kabla ya Alhamisi, mtu anayepanda ngazi mwenyewe, maana baba yako na goti lake lile ameshaitoa ngazi nje, anasema anaipangusa vumbi tu.

Na nijibu lile swali. Kwa maandishi au kwa simu, vyovyote.

Mama yako