Shukrani kwa mzee wa Utawala

Kwa mzee mstaafu wa upimaji ardhi tuliyekutana naye Utawala, mtaa wa Nairobi, ambaye alikataa kututajia jina lake, mimi na mke wangu tunatoa shukrani hizi hadharani.

Nyumba tuliyoipenda ilikuwa na wanunuzi wengine waliokuwa wakiiwania, na dalali alitushinikiza tulipe asilimia 10 ya bei siku iyo hiyo, la sivyo tungeikosa. Mzee alikuwa akipita langoni. Alisimama, akaomba kuiona nakala ya hatimiliki, kisha akatuambia kwa upole tusitoe hata shilingi kabla ya upekuzi rasmi wa rekodi za umiliki katika Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa ardhi wa serikali ya Kenya uliozinduliwa mwaka 2021. Matokeo yalionyesha zuio la kuuzwa kwa nyumba lililowekwa na mke wa muuzaji, ambaye kisheria ridhaa yake ilihitajika. Dalali, bila shaka, hakuwa amelitaja.

Mzee hakuishia hapo. Tulipopata nyumba nyingine mtaani humo, alikuja na ramani, akatafuta vigingi vya mipaka kimoja baada ya kingine hata kile kilichofukiwa chini ya ua, akatukumbusha kutenga asilimia 4 ya thamani ya nyumba kwa ajili ya ushuru wa stempu, kisha akatuagiza tutafute wakili wetu wenyewe badala ya kumtegemea wa muuzaji. Alikataa malipo, hata nauli.

Wenye ujuzi kama wake, tafadhali, mkiona familia changa ikiharakishwa langoni, simameni mwulize kuhusu upekuzi.