Barua kutoka Kirumba

Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu Deo,

Habari za huko? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, isipokuwa mvua imetushtukiza jana na dagaa wa siku mbili wamelowa.

Habari ya jirani yako huko Los Angeles nimeisoma mara mbili, nimekaa juu ya turubai: mama kamfikisha mwanawe kwa hakimu ili atibiwe ugonjwa wa akili. Wewe uliona ajabu. Mimi nilimfikiria mdogo wangu Masanja.

Sijawahi kukuandikia haya. Mwaka juzi sauti zilimrudia. Usiku mmoja akashika njia ya ziwani, anadai marehemu baba anamwita kutoka upande wa Jiwe la Bismarck. Tulikuwa wanaume wanne, tukamfunga kwa kamba ya nyavu, ile ya nailoni ya kijani. Akawa ananiita, "Kaka, inakata." Alama zilikaa wiki tatu. Usiku ule, Deo, kama hakimu angekuwa jirani yangu, ningemgongea mlango.

Usidhani huku hatuna sheria. Ipo ya Afya ya Akili ya 2008, na mtu anaweza kulazwa bila ridhaa yake. Ila mtaani kwetu mahakama hutajwa mtu akishaua, ndipo unasikia kapelekwa Isanga, Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili wenye kesi. Kabla ya hapo ni ndugu na kamba.

Lakini ile sheria ya New York ya 1999 uliyonitajia imenikosesha usingizi. Wameipa jina la Kendra Webdale, binti aliyesukumwa mbele ya treni. Inamruhusu hakimu kumwamuru mgonjwa afuate matibabu akiwa kwake. Nikaitafuta zaidi. Kumbe Andrew Goldstein, aliyemsukuma, ni kweli aliacha dawa, lakini pia alikuwa ameshakwenda mwenyewe hospitalini, tena si mara moja, kuomba msaada. Akawa analazwa siku chache, anaruhusiwa. Yaani jamaa alibisha hodi, halafu ikatungwa sheria ya wasiotaka kuingia!

Masanja naye hakukataa. Sindano yake ya mwezi ilikosekana dirishani mara mbili, tukaambiwa tukanunue nje. Msimu ule injini yangu ilikuwa imekufa. Nikamwambia, vumilia, mwezi ujao. Mwezi ujao ndio huo wa kamba.

Hiyo mahakama ya kwenu aliyoiendea yule mama, iliyoanza California 2023, naiona afadhali kidogo: ndugu anaweza kupeleka ombi, na mpango unagusa dawa pamoja na makazi, bila mtu kushikwa mikono adungwe. Ila mwaka huohuo wakapanua sheria nyingine, ile ya kumshikilia mtu hospitalini kwa nguvu, hata uraibu mkali wa pombe na dawa za kulevya uingie. Wewe umekulia mwaloni, unajua wavu ukipunguzwa macho unazoa nini. Na wakishazolewa, wanalazwa wapi? Vitanda vimeongezwa vingapi?

Ukimwona yule mama, niulizie: hakimu akishasema, nani anakuja na sindano, na siku gani? Akikosa kuja, hakimu anamwita nani, yule kijana au mwenye sindano?

Masanja yuko hapa anageuza dagaa, ananiambia nikusalimie na kwamba viatu ulivyomwahidi bado anavisubiri, namba 42. Sindano yake ni Alhamisi. Hela nimeitenga kwenye kopo, mke wangu kakatazwa kuigusa hata kwa unga.

Ni mimi nduguyo,
Kulwa