Aretha alitubu lini? Mtuambie

Mhariri, gazeti lenu nalisoma miaka na miaka kimya kimya, sijawahi kuwaandikia, ila ile makala ya Jumapili kuhusu Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani, imenishinda. Eti aliasi madhabahu akakimbilia muziki wa dunia, 1972 ndo akatubu akarudi. Alitubu kwa nani?

Huyo mama kakulia New Bethel kule Detroit, kanisa la baba yake, mchungaji C.L. Franklin, na rekodi yake ya kwanza ya injili kairekodia humo humo akiwa na miaka 14. Alivyosaini na kampuni ya rekodi ya Columbia mwaka 1960, aimbe muziki wa dunia, baba alimuunga mkono, hakutoroka usiku. Na hiyo 1972 mnayoiita toba, karekodi injili siku mbili mfululizo kanisa la New Temple, Los Angeles, na kwaya ya mwimba injili James Cleveland, lakini kwenye drams yupo Bernard Purdie na besi Chuck Rainey, wale wale waliokuwa wanampigia soul, huo muziki wake wa dunia! Akachukua na wimbo wa Carole King, wa kidunia kabisa, akauchanganya na wa injili na hakuna mzee wa kanisa aliyemzimia maiki. Baba yake akasimama mbele ya kanisa zima akasema binti yangu hajawahi kutoka kanisani. Baba mzazi huyo, na mchungaji. Rekodi ikauza zaidi ya nakala milioni 2 Marekani. Sasa 1987 aliporekodi tena injili pale New Bethel alikuwa anatubu mara ya pili?

Naongea kwa uchungu kwa sababu makala kama hizi wazee wetu wanazisoma. Mimi ni mpiga kinanda wa kanisani tangu ujana wangu. Kuna harusi niliitwa kupiga na bendi ya dansi, ukumbini, ada za watoto zinadaiwa, nikaenda. Jumapili nafika kanisani naambiwa usiguse kinanda, wakaniweka kiti moto mbele ya kamati, eti mikono imechafuka, nikae benchi la nyuma mpaka nitubu. Na aliyefoka kuliko wote, Mungu ananiona, nilimshuhudia mwenyewe kwenye harusi ile ile, koti kavua, tai kaifunga kichwani, anazungusha kiuno kwa kinanda hiki hiki changu na kunitunza akanitunza! Kumbe kucheza sio dhambi, dhambi ni kupiga. Nilipomkumbusha akasema yeye alikuwa upande wa bwana harusi, asingeweza kukaa.

Na tukishaongea dhambi tuongee na hela basi, maana miaka yote hiyo hata nauli ya daladala sikuwahi kupewa. Fundi spika analipwa, mwenye tenti analipwa, mpamba maua analipwa tena na advansi, mpiga kinanda anaambiwa Mungu atakulipa. Aretha alikuwa anataka keshi mkononi ndo apande jukwaani, na pochi anapanda nayo, anaiweka mahali anapoiona. Hilo mbona hamkuliandika?

Ushauri wangu, mshahara wa mwandishi wenu mwezi huu mlipeni kwa maombi. Mhasibu amuwekee mikono kichwani, ambariki, amwambie aende kwa amani, na mwenye nyumba akija kudai kodi amsomee zaburi. Mwezi unaofuata aandike tena habari za waimba injili, nitanunua nakala mbili.

Mpiga kinanda wa benchi la nyuma,
Dodoma