"Present" ya mbele si "present" ya nyuma

Mhariri,

Kivumishi cha Kiingereza "present" kinawaangusha wafasiri wa masharti ya vyama na kumbukumbu za vikao, na magazeti yanaanguka nacho. Kinaonekana chepesi, ndiyo maana hakuna anayefungua kamusi.

Tazama kwanza kimekaa wapi. Kikitangulia nomino, "the present members", ni wanachama wa sasa, hata kama wote wamelala majumbani kwao. Kikifuata nomino, "the members present", ni waliohudhuria. Vivumishi vyetu karibu vyote hufuata nomino, hivyo jicho la Mswahili halijazoea kuona nafasi ikigeuza maana.

Hasara yake inahesabika. SACCOS ina wanachama 300, mkutanoni wamekuja 120. Theluthi mbili ya waliohudhuria ni kura 80. Theluthi mbili ya wanachama wa sasa ni 200, na ukumbi huo hauwezi kuzitoa hata wakikubaliana wote. Kosa hilo likiingia kwenye kifungu cha kurekebisha masharti, ndiyo basi: mlango wa kulirekebisha ndio huo uliofungwa.

Aprili 7, 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliisimamisha Urusi katika Baraza la Haki za Binadamu kwa kura 93 dhidi ya 24, nchi 58 zikijizuia. Kanuni inataka theluthi mbili ya "members present and voting", na anayejizuia huhesabiwa kuwa hakupiga kura. Hesabu basi ni ya kura 117, na 78 zilitosha. Aliyefasiri "wanachama wa sasa" atakokotoa kwa nchi 193, apate 129, kisha ashangae azimio limepitaje.

Katika hukumu, "the present case" ni shauri hili. Ukiandika "shauri la sasa", msomaji atauliza la zamani ni lipi. Msemo "present company excepted" unaivunja kanuni: kivumishi kimetangulia, lakini maana ni kuwaacha kando tuliopo hapa. Huo ukaririwe tu.

Mkazo nao una kazi. Kivumishi hubanwa mwanzoni, PRES-ent, sawa na nomino yenye maana ya zawadi. Kitenzi, kukabidhi au kuwasilisha, hubanwa mwishoni, pre-SENT. Kamusi za Marekani hukata silabi kwa kufuata mkazo huo: irabu fupi yenye mkazo hujifungia konsonanti inayofuata, kwa hiyo "s" ya kivumishi hubaki na silabi ya kwanza, na ya kitenzi huhamia ya pili. Mswahili, ambaye silabi zake huishia kwa irabu, hukata "pre-sent" popote, na safu yenu nyembamba ikimaliza mstari kwa "pre-", msomaji anayejua Kiingereza hutarajia kitenzi. Neno lenyewe lina herufi saba. Lishusheni zima mstari unaofuata.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, maana ni la kila siku: kompyuta iliyoachwa kwenye Kiingereza inakata "wat-oto" badala ya "wa-toto". Msanifu abadilishe lugha ya aya iwe Kiswahili. Programu yake ikiwa haina Kiswahili, azime ukataji wa maneno kabisa.

Mfasiri wa nyaraka za vikao,
Morogoro