Idi Njema, Watu wa Mafia

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Kilindoni, Baleni, Kirongwe, Jibondo na Chole, Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, na waliotutangulia awarehemu.

Jana magharibi nilipanda juu ya paa hapa Dar kuutafuta mwezi, nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa anatutoa ufukweni, kanga begani, anatuelekeza kwa kidole: tazameni kule, jua linakozama. Kule ni ng'ambo, kwenye delta ya Rufiji. Na ndiko zilikoelekea ndege za vita mwaka 1915, zikiruka kutoka kisiwani kwetu.

Waingereza walikiteka kisiwa Januari mwaka ule, siku chache kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Walichokitaka ni meli moja ya Kijerumani, Königsberg, iliyoizamisha meli yao Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia, maji ni mafupi. Ndege za kutua majini nazo zilishindwa na joto la kwetu, gundi ikaachia. Ndipo kikasafishwa kiwanja cha ndege Mafia, kisiwa cha wakulima wa minazi na wavuvi.

Mashambulizi dhidi ya Königsberg yalikuwa mawili, Julai 6 na Julai 11. Nimepiga hesabu ya miezi: Ramadhani ya 1333 Hijria iliandama siku mbili tatu tu baada ya lile la pili. Kwa hiyo zilikuwa siku za vunja jungu! Nawawazia mabibi wa mabibi zetu, nazi imeshakunwa, chungu kiko jikoni, na juu ya minazi kinapita chombo kinachonguruma ambacho hawajapata kukiona maishani.

Kazi ya marubani ilikuwa kutazama makombora ya Severn na Mersey, meli za Kiingereza zilizoweza kuingia maji mafupi, yanaangukia wapi, maana walio mtoni hawakuona kitu kwa mikoko. Julai 11 ndege ya Waingereza wawili, Cull na Arnold, ilipigwa. Huku inashuka, Arnold aliendelea kutuma alama za Morse kuwaelekeza wapigaji, hadi wakatua mtoni na kuokolewa. Wajerumani wakaizamisha meli wenyewe, lakini mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikaburutwa bara kuendeleza vita. Mmoja uko Mombasa, nje ya Fort Jesus. Niliposimama mbele yake niliugusa, chuma kizito mno, nikawasomea Fatiha wapagazi wetu walioikokota mizinga ile kwa kamba, ambao majina yao hatuyajui.

Siku hizi ndege ndogo kutoka Dar ikishuka Kilindoni, watoto hukimbilia kuona nani kaja na zawadi gani. Nashukuru sana kwa hilo. Kwenye dua za leo tuwakumbuke wenzetu ambao Idi imewakuta chini ya ndege za namna ile nyingine.

Mnaovuka kutoka Nyamisati, tafadhali msijazane botini, bahari ikichafuka ngojeni. Mimi navuka Idi pili, inshallah. Mama mdogo, niwekee mkate wa kumimina, na waambie watoto mkono wa Idi ninao, noti mpya tupu.